Jimbo la Barambah lilikwenda wapi? Jibu kwa msomaji

Swali: "Ninaandaa insha juu ya siasa za Australia. Nimesoma kwamba Joh Bjelke-Petersen aliiongoza Queensland kwa miaka 19 akiwa mbunge wa Barambah, lakini katika ramani ya sasa ya majimbo ya uchaguzi ya Queensland jina hilo halimo. Je, jimbo hilo lilifutwa ili kumfuta yeye katika kumbukumbu? Na ni kweli kwamba alilichora mwenyewe ili asishindwe?"

Ndugu msomaji, jibu ni hapana kwa maswali yote mawili. Jimbo la Barambah lilizaliwa kutokana na sheria ya mwaka 1949 iliyotungwa na serikali ya Labor, chama cha wafanyakazi na wapinzani wakubwa wa Bjelke-Petersen, wakati yeye mwenyewe alikuwa mbunge mchanga wa upinzani asiye na la kuamua katika jambo hilo. Lilifutwa na ugawaji upya wa majimbo uliofanyika mwaka 1999 na kuanza kutumika katika uchaguzi mkuu wa Februari 17, 2001, zaidi ya miaka 13 tangu aondoke bungeni, na sehemu kubwa ya eneo lake ikaingia katika jimbo linaloitwa Nanango. Kisasi hakikuwamo. Hata hivyo, ukiishia hapo insha yako itakuwa orodha ya tarehe, na jambo lenyewe litakuwa limekupita, kwa sababu faida ambayo Bjelke-Petersen aliipata kutokana na mipaka ya majimbo haikutoka Barambah hata mara moja. Ilitoka katika majimbo mengine yaliyofanana na Barambah, na tofauti hiyo ndiyo ningependa uishike tangu mwanzo.

Kwanza niweke sawa maneno mawili. Queensland ni mojawapo ya dola sita zinazounda Shirikisho la Australia, na katika maelezo haya neno jimbo nimeliachia jimbo la uchaguzi peke yake. Mkuu wa serikali ya Queensland nitamwita Waziri Kiongozi, cheo ambacho wasomaji wa Zanzibar wanakikumbuka hadi mwaka 2010, ili asichanganywe na Waziri Mkuu wa Australia nzima. Bunge la Queensland lina chumba kimoja tu tangu mwaka 1922, ambapo serikali ya Labor ililifuta baraza la juu, na hadi leo hakuna dola nyingine ya Australia isiyo na baraza hilo. Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa linaeleza kwa nini mipaka ya majimbo ilipiganiwa vikali kiasi kile: aliyepata wingi wa viti katika chumba hicho kimoja hakuwa na wa kumzuia hadi uchaguzi mwingine.

Barambah lilikuwa jimbo la wakulima katika nchi ya South Burnett, kiasi cha kilomita 200 kaskazini-magharibi mwa jiji la Brisbane. Mji wake mkubwa ulikuwa Kingaroy, wenye udongo mwekundu na maghala marefu ya karanga ambayo mpaka leo ndiyo alama ya mji. Familia ya Bjelke-Petersen, ya asili ya Denmaki, ilihamia huko kutoka New Zealand mwaka 1913, Joh akiwa mtoto wa miaka miwili, na baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Kijana huyo alikua akilima karanga, kisha akafanya biashara ya kukodisha mitambo ya kusafisha mapori. Mbinu iliyompa sifa ilikuwa ya kufunga mnyororo mzito wa nanga kati ya matingatinga mawili yaendayo sambamba, ukang'oa kila mti uliosimama katikati. Mwaka 1946 aliingia katika halmashauri ya Kingaroy, na mwaka 1947 akachaguliwa kuwa mbunge kwa tiketi ya chama cha Country, ambacho kilikuwa chama cha wakulima na wafugaji na ambacho baadaye, mwaka 1974, kilichukua jina la National.

Jimbo alilochaguliwa mwaka huo wa 1947 halikuwa Barambah. Lilikuwa Nanango, jimbo lililokuwapo tangu mwaka 1912. Tafadhali liweke akilini, kwa kuwa watafiti wengi wapya hupotea hapa: Nanango ndilo lililokuja kabla ya Barambah, na ndilo lililokuja baada yake.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe. Katika miaka ya 1940 chama cha Labor kilikuwa kimeitawala Queensland karibu mfululizo tangu mwaka 1915, isipokuwa kati ya 1929 na 1932. Nguvu zake nje ya Brisbane zilikuwa kwa wakata manyoya ya kondoo, wafanyakazi wa reli na wachimba madini wa magharibi na kaskazini, sehemu ambazo watu walikuwa wachache na wakizidi kupungua. Waziri Kiongozi Ned Hanlon aliona kwamba kama majimbo yangegawanywa kwa idadi ya watu peke yake, viti vya magharibi vingepungua na vya Brisbane vingeongezeka, na huko Brisbane chama cha Liberal kilikuwa kinapanda. Ndipo sheria ya 1949 ilipoongeza viti kutoka 62 hadi 75 na kuigawa Queensland katika kanda nne: ya jiji kuu, ya kusini-mashariki, ya kaskazini na ya magharibi. Kila ukanda ulipewa idadi yake ya viti, na idadi ya wapiga kura iliyohitajika ili kuunda jimbo haikuwa sawa katika kanda hizo. Jimbo la magharibi lilihitaji pungufu ya nusu ya wapiga kura waliohitajika kwa jimbo la Brisbane. Sheria iliweka kanda, na tume ikachora mistari ndani ya kila ukanda. Katika kuchora huko jina la Nanango likaondoka na Barambah likaingia, ndani ya ukanda wa kusini-mashariki, na Bjelke-Petersen akahamia jimbo jipya bila kuhama nyumba yake.

Uchaguzi wa 1950, wa kwanza chini ya mpango huo, ulionyesha mara moja kazi yake. Labor ilipata asilimia 47 hivi ya kura, pungufu ya jumla ya kura za vyama viwili vilivyoungana dhidi yake, Country na Liberal, lakini ikachukua viti 42 kati ya 75. Kanuni ya wakati huo ilikuwa ya kawaida ambayo sisi tunaifahamu, ya mwenye kura nyingi kuchukua kiti, kwa hiyo hakukuwa na hesabu ya ziada ya kusawazisha chochote. Barambah ndivyo lilivyozaliwa, na anayetaka kusema kwamba jimbo hilo ni zao la hila za uchaguzi ana haki ya kusema hivyo, mradi aitaje hila hiyo kwa jina la mwenyewe.

Hapa inabidi kutenganisha vitu viwili ambavyo swali lako limevichanganya, na hukosei peke yako, maana hata magazeti ya Australia yalivichanganya kwa miaka mingi. Kuchora mipaka kwa hila ni kupinda mstari hapa na kuunyoosha pale ili wapiga kura wa adui wajazane katika jimbo moja au watawanyike katika mengi wasiweze kushinda popote. Mgawanyo usiolingana ni jambo jingine: mistari inaweza kuchorwa kwa unyofu kabisa, lakini jimbo moja likawa na watu 20,000 na jingine 9,000, na kila moja likatoa mbunge mmoja. Kilichoendeshwa Queensland kati ya 1950 na 1989 kilikuwa hasa hiki cha pili. Wapinzani walibuni jina la kejeli, Bjelkemander, kwa kuunganisha jina la Waziri Kiongozi na neno la Kimarekani la kuchora mipaka kwa hila, gerrymander. Jina likapendwa mno, na tangu hapo watu wengi wanaamini kwamba mzee huyo alikaa mezani na kalamu akachora majimbo moja baada ya jingine. Mfumo wenyewe aliukuta.

Jinsi alivyoukuta ni sehemu ambayo mimi naiona kuwa tamu kuliko zote katika historia hii. Mwezi Aprili 1957 Labor ilimfukuza chamani Waziri Kiongozi wake mwenyewe, Vince Gair, chama kikapasuka vipande viwili, na katika uchaguzi wa Agosti mwaka huo chama cha Country chini ya Frank Nicklin kikaingia madarakani pamoja na Liberal. Walikuta mfumo wa kanda uliowaumiza tangu 1950 wakiwa upinzani. Hawakuufuta. Mwaka 1958 waliupanga upya kwa viti 78 na kanda tatu, safari hii kwa namna iliyotenga miji mikubwa ya mikoani, yenye wafanyakazi wengi wa Labor, na mashamba yaliyoizunguka. Mwaka 1962 wakaanzisha utaratibu ambao mpiga kura hupanga wagombea wote kwa namba, 1, 2, 3 na kuendelea, hivyo vyama viwili vya serikali vikaweza kusimamisha wagombea katika jimbo moja bila kuuana. Bjelke-Petersen aliingia baraza la mawaziri mwaka 1963. Nicklin alistaafu Januari 1968, mrithi wake Jack Pizzey akafariki ghafla Julai mwaka huohuo, na tarehe 8 Agosti 1968 mbunge wa Barambah akawa Waziri Kiongozi.

Chini yake sheria ilibadilishwa tena mwaka 1971, viti vikawa 82 na kanda zikarudi kuwa nne, na mwaka 1985 viti vikafika 89. Barambah katika mabadiliko yote hayo lilibaki jimbo la mashambani, mahali ambapo chama chake kingeshinda kwa mfumo wowote wa uchaguzi uliowahi kubuniwa. Aligombea humo katika chaguzi kuu 14, kuanzia 1950 hadi 1986, na akashinda zote. Fikiria sasa kwamba Barambah lingepanuliwa mara mbili ili lilingane na jimbo la kiunga cha Brisbane: angelishinda vilevile, pengine kwa kura nyingi zaidi, kwa kuwa wakulima wa jirani walikuwa wa chama chake. Kwa hiyo wazo kwamba mipaka ya Barambah ilimlinda halina msingi. Ulinzi wake ulikuwa katika kugawa nchi ya wakulima mafungu mengi madogo, kila fungu likapeleka mbunge wa Country au National bungeni, na wabunge hao kwa pamoja wakawa wengi kuliko wa Liberal.

Ndiyo, kuliko wa Liberal. Wasomaji wengi hudhani aliyedhulumiwa zaidi alikuwa Labor, na Labor ilidhulumiwa kweli, lakini tazama uchaguzi wa 1972. Labor ilipata karibu asilimia 47 ya kura na viti 33. Liberal ilipata asilimia 22 na viti 21. Country ilipata asilimia 20 na viti 26. Kura za Liberal na Country zikijumlishwa, na kuongezewa namba za pili za wapiga kura wa kile kipande kilichopasuka kutoka Labor, muungano huo ungeweza kushinda hata katika mgawanyo ulio sawa au wa karibu na usawa. Kisichowezekana katika mgawanyo ulio sawa ni chama cha tatu kwa kura kutoa Waziri Kiongozi na kumweka mwenzake aliyemzidi kura kiti cha nyuma. Mwaka 1977 National iliizidi Liberal kwa kura kidogo, lakini kwa viti pengo likawa kubwa: National asilimia 27 na viti 35, Liberal asilimia 25 na viti 24, Labor asilimia 43 na viti 23. Mfumo ambao Labor iliujenga kwa ajili ya magharibi yake ulikuwa sasa unaamua nani mkubwa na nani mdogo ndani ya nyumba ya wapinzani wake.

Liberal walichoka mwaka 1983, muungano ukavunjika, na katika uchaguzi wa Oktoba mwaka huo National ilipata viti 41 kati ya 82, nusu kamili. Wabunge wawili wa Liberal, Don Lane na Brian Austin, wakahamia upande wa pili na kumpa Bjelke-Petersen wingi aliouhitaji. Mwaka 1986 akashinda peke yake viti 49 kati ya 89 kwa pungufu ya asilimia 40 ya kura, huku Labor iliyomzidi kwa kura ikiambulia 30. Kama unatafuta mfano mmoja wa kuweka katika insha yako, uweke huo.

Kuna kundi jingine la watu ambalo historia za Barambah huliruka, na mimi sitaliruka. Karibu na mji wa Murgon, katika nchi hiyohiyo ya South Burnett, kuna kijiji cha Cherbourg. Kilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makazi ya wenyeji wa asili wa Australia waliohamishwa kwa nguvu kutoka sehemu mbalimbali za Queensland, na hadi miaka ya mwanzo ya 1930 kiliitwa kwa jina lilelile, Barambah. Ina maana kwamba jina lililochukuliwa kuwa la jimbo mwaka 1949 lilikuwa pia jina la mahali ambapo watu walikaa chini ya usimamizi wa serikali bila haki ya kupiga kura. Queensland ndiyo iliyokuwa ya mwisho miongoni mwa dola zote za Australia kuwapa wenyeji wake wa asili haki hiyo, kwa sheria ya mwaka 1965, na kuwaandikisha kukafanywa kuwa lazima kama kwa raia wengine mwaka 1971 tu. Kwa hiyo, tunapobishana kuhusu jimbo lenye wapiga kura wachache na jimbo lenye wapiga kura wengi katika miaka ya 1950 na 1960, tukumbuke kwamba kulikuwa na watu wazima wa nchi hiyo ambao hawakuhesabiwa upande wowote.

Mwisho wa Bjelke-Petersen ulikuja kwa mlango ambao mfumo wa kanda haukuulinda. Mei 1987 televisheni ya taifa ilionyesha uchunguzi wa mwandishi Chris Masters kuhusu rushwa katika polisi ya Queensland. Bjelke-Petersen alikuwa safarini, na kaimu wake Bill Gunn akaunda tume ya uchunguzi ambayo ilikuja kuongozwa na wakili Tony Fitzgerald. Tume ilichimba hadi kumfikia mkuu wa polisi na mawaziri. Mwezi Novemba, Waziri Kiongozi alipojaribu kuwafukuza baadhi ya mawaziri wake, chama chenyewe kilimgeuka na kumchagua Mike Ahern, na tarehe 1 Desemba 1987 akajiuzulu uongozi na ubunge kwa pamoja. Barambah likabaki wazi baada ya miaka 37.

Uchaguzi mdogo wa Aprili 16, 1988 ni tukio ambalo ningekushauri ulipe aya nzima. National ilimsimamisha Warren Truss, mkulima wa hapohapo na kiongozi wa halmashauri ya Kingaroy, na kwa hesabu za kawaida jimbo lilikuwa lake. Wapiga kura wakamchagua Trevor Perrett wa kikundi kidogo cha mrengo wa kulia kilichoitwa Citizens Electoral Council. Watu wa Barambah hawakugeuka kuwa wa mrengo wa kushoto. Walikuwa wanakiadhibu chama kwa kumwangusha mtu wao, na walichagua fimbo iliyokuwa karibu. Kabla ya mwaka kwisha Perrett alikwishajiunga na National, kiti kikarudi nyumbani bila uchaguzi. Truss, kwa upande wake, alikwenda bunge la shirikisho kupitia jimbo la Wide Bay mwaka 1990, na kati ya 2013 na 2016 akawa Naibu Waziri Mkuu wa Australia. Kushindwa Barambah hakukumharibia safari.

Mfumo wa kanda haukuweza kuiokoa National mwaka 1989. Desemba 2 mwaka huo, majimbo yakiwa yaleyale yaliyochorwa kwa sheria ya 1985, Labor chini ya Wayne Goss ilipata zaidi kidogo ya nusu ya kura na viti 54 kati ya 89. Ripoti ya Fitzgerald, iliyotolewa Julai, ilikuwa imetaka kuundwa chombo huru cha kupitia upya sheria za uchaguzi, na chombo hicho kikaundwa chini ya uenyekiti wa Tom Sherman. Kutokana na kazi yake mfumo wa kanda ulifutwa, na uchaguzi wa 1992 ukafanyika kwa majimbo 89 ambayo kila moja lilitakiwa lisipishane na wastani wa wapiga kura kwa zaidi ya asilimia 10 juu au chini.

Wazo moja tu la zamani lilisalia, la kuyapunguzia mzigo majimbo makubwa, nalo limewekwa katika kifungu cha wazi. Jimbo lenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100,000 huongezewa wapiga kura wa kuhesabika tu, sawa na asilimia 2 ya idadi ya kilomita zake za mraba. Jimbo la kilomita za mraba 300,000, kwa mfano, huhesabiwa kana kwamba lina wapiga kura 6,000 zaidi ya waliomo. Queensland ina ukubwa wa karibu mara mbili ya Tanzania na watu wake wengi wamejazana kona ya kusini-mashariki, hivyo hoja ya umbali si ya kubuni. Kenya nayo imeikubali hoja hiyo katika Katiba ya 2010, tena kwa ukarimu zaidi: Ibara ya 89 inaruhusu maeneo bunge ya mijini na ya sehemu zenye watu wachache kupishana na wastani kwa hadi asilimia 40, na mengine kwa asilimia 30. Tofauti kati ya kifungu hiki na kanda za zamani ni kwamba kifungu kinatumia kipimo kimoja kwa nchi nzima na hakiulizi watu wa mahali humpigia nani kura. Barambah halikukaribia ukubwa huo, kwa hiyo halikunufaika nacho. Baada ya 1992 lililazimika kuwa na wapiga kura karibu sawa na jimbo lolote la Brisbane.

Na hilo ndilo lililolimaliza. Perrett alilishikilia katika chaguzi za 1989, 1992 na 1995, akawa waziri wa kilimo na mifugo katika serikali ya muungano wa National na Liberal iliyoingia Februari 1996. Juni 1998 chama kipya cha One Nation cha Pauline Hanson kilizoa karibu asilimia 23 ya kura za Queensland na viti 11, na Barambah lilikuwa mojawapo: Dorothy Pratt alimwangusha Perrett, na mwaka uliofuata akakihama chama hicho na kuwa mbunge wa kujitegemea. Kwa kuwa chaguzi tatu zilikuwa zimekwishapita tangu mipaka ya 1992, ikabidi igawanywe upya. Tume ya kugawa majimbo Queensland ni ya watu watatu, jaji aliye kazini au mstaafu, kamishna wa uchaguzi, na mtendaji mkuu wa idara mojawapo ya serikali, na wanachokitazama kwanza ni idadi. Watu walikuwa wakimiminikia pwani ya Gold Coast na Sunshine Coast, viti 89 havikuongezwa, kwa hiyo kila kiti kilichohitajika pwani kilimaanisha kwamba majimbo ya bara yatanuke na kusogeana. Katika kusogezwa huko, jimbo lililoizunguka Kingaroy lilipata mipaka mipya na jina la zamani la Nanango, na Barambah likatoweka katika orodha.

Uchaguzi wa 2001 uliipa Labor viti 66, ushindi mkubwa kupita kiasi, lakini Nanango lilimchagua Pratt kama mgombea binafsi, na alikaa hadi alipostaafu mwaka 2012. Aliyemfuata, Deb Frecklington, ni wa chama kilichotokana na kuungana kwa National na Liberal, na aliwahi kuwa kiongozi wa upinzani kati ya 2017 na 2020. Bjelke-Petersen mwenyewe alifariki Kingaroy tarehe 23 Aprili 2005, akiwa na umri wa miaka 94, ndani ya Nanango lililokuwa jimbo lake la kwanza.

Ukijumlisha, Barambah lilidumu kwa miaka 51 na lilikuwa na wabunge watatu tu: Bjelke-Petersen kutoka 1950 hadi 1987, Perrett kutoka 1988 hadi 1998, na Pratt kutoka 1998 hadi 2001. Wawili wa mwisho waliingia kwa mara ya kwanza kwa kukipiga chini chama kilekile cha wa kwanza. Kama insha yako inataka swali gumu zaidi kuliko uliloniuliza, liko hapo: kwa nini nchi ya wakulima waliopendelewa na mgawanyo wa viti kwa miaka 40 ndiyo ilikuwa ya mwanzo kukiasi chama kilichopendelewa nao. Maoni yangu ni kwamba upendeleo ule ulikifikia chama na viongozi wake, wala haukumfikia mkulima wa karanga kama mtu. Kiti chake kilikuwa kimehesabiwa kabla hajapiga kura, na kiti kilichokwisha kuhesabiwa hakishindaniwi kwa barabara wala kwa bei nzuri ya mazao. Wengine watakuambia kwamba ni uaminifu kwa Joh tu, na kwa uchaguzi mdogo wa 1988 ninawakubalia.

Kwa upande wa utafiti wenyewe, ukitaka matokeo ya eneo hilo mfululizo, tafuta Nanango kwa miaka ya 1912 hadi 1947, Barambah kwa chaguzi za 1950 hadi 1998 pamoja na ule uchaguzi mdogo wa 1988, kisha Nanango tena kuanzia 2001. Usiziunganishe kura za 1998 na za 2001 kana kwamba ni za watu walewale, kwa maana mipaka ilisogea. Na unapoandika juu ya sheria ya 1949, 1958, 1971 na 1985, taja kila mara chama kilichokuwa madarakani mwaka huo. Msahihishaji wako atakuwa na kazi ndogo, na Ned Hanlon atapata anachostahili.